Kayamba Lililorudi Kutoka Ng'ambo

Mzigo wetu ulirudi siku ya Jumatano, kwenye lori la kijiji lililokuwa limekwenda mjini kuchukua mbolea. Lilikuwa sanduku lilelile la mbao tulilolipigilia misumari kwa mikono yetu miezi mitano nyuma, na juu yake mtu wa huko ng'ambo alikuwa ameandika maneno kwa rangi nyekundu. Mwenyekiti wa kijiji aliniita, maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi cha akina mama, akaniambia, "Ndugu Katibu, vitu vyenu vimerudi salama." Salama! Nilimtazama yule mzee nisijue nicheke au nilie.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Nimezaliwa Soga, upande wa Kibaha, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli. Niliolewa Kisarawe, huko ndani, njia ya Kurui. Nilikuwa na darasa la saba wakati ambapo kijiji kizima wanawake wenye darasa la saba tulikuwa wawili, na yule mwenzangu alikuwa na haya. Mimi haya zilinipitia mbali. Mdomo ninao tangu utotoni, na hasira zangu ziko karibu, hata leo na mvi hizi. Kwa hiyo watu walipohamishwa kutoka kwenye makonde yao wakakusanywa kwenye kijiji cha ujamaa, ikaagizwa kila kikundi kitafute mradi, wenzangu hawakuhangaika kuchagua katibu. Nikapewa daftari na kalamu.

Mradi wetu ulikuwa makayamba ya watoto wachanga. Kama hujaliona, ni kama kikapu kidogo kisicho na mdomo, kimesukwa kwa ukindu pande zote, kina mkono wa kushikia, na ndani yake kuna mbegu. Ukilitikisa linasema shekeshe, shekeshe, na mtoto aliyekuwa analia hunyamaza akatafuta sauti inatoka wapi. Mbegu tulizotumia ni zile nyekundu zenye jicho jeusi, za mmea unaotambaa kwenye ua wa kila nyumba kule kwetu. Tulisuka kwa kuacha vitundu ili wekundu uonekane. Jani lenyewe tulilitia rangi ya dukani, ya unga, tukalichemsha kwenye sufuria kuukuu. Jamani, yalikuwa mazuri. Sijisifu bure.

Aliyetufundisha ni mama mkwe wangu. Alikuwa mkunga, na nusu ya watoto waliokuwa wakikimbia pale kijijini walipokelewa na mikono yake. Kila mtoto aliyempokea alimsukia kayamba kabla hajatimiza arobaini. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyethubutu kuugusa: mbegu thelathini, si ishirini na tisa wala si thelathini na moja. Zikizidi, alisema, kayamba linakoroma, na zikipungua linalia njaa. Mahali pa kufungia, pale majani yote yanapokutana, alipaita kitovu. Kitovu alikifunga yeye mwenyewe kwa kila kayamba, maana sisi wengine tukifunga kilifumuka baada ya wiki.

Na kuna jambo moja ambalo lazima ulijue, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Kwetu mtoto hapewi kayamba. Mtoto huchezewa kayamba. Analishika mtu mzima, shangazi au bibi au dada mkubwa, na mtoto yuko mgongoni au mapajani anatazama. Hatukuwahi kusema kwa sauti kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi nikafunga safari ya Kibaha, iliko ofisi ya mkoa ya viwanda vidogo, maana wao ndio waliotupatia yule mnunuzi, duka moja la vitu vya watoto katika nchi ya baridi. Nikapanda lori mpaka Kisarawe, basi mpaka mjini, kisha basi jingine la barabara ya Morogoro, na kayamba moja lililorudi nimelitia kwenye kikapu. Afisa alikuwa kijana mpole aliyevaa suti ya mikono mifupi. Barua ilikuwa mezani kwake, kurasa nne za Kiingereza.

"Kaa, Ndugu Katibu," akasema. Kisha akachukua wembe, akanyoosha mkono akaomba lile kayamba, akalipasua mbele ya macho yangu.

Ala! Damu ilinichemka. Mbegu zikamwagika juu ya mafaili yake, nyingine zikabingirika mpaka sakafuni.

"Hizi unazijua?" akaniuliza.

"Nazijua. Zinaota uani kwangu."

"Unajua mtoto akitafuna moja tu anaweza kufa?"

"Najua! Na kila mtu anajua. Ndiyo maana tumezifungia ndani. Mtoto gani huyo wa kutafuna kayamba? Kayamba linashikwa na mtu mzima!"

Akaweka wembe chini, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Kule, alisema, mtoto hulazwa kwenye kitanda chake, wengine hata chumba chao wenyewe, akapewa vitu vya kuchezea akaachwa navyo. Na mtoto kitu cha kwanza anachofanya ni kukitia mdomoni. Kwa hiyo serikali ya kule imeweka sheria kwamba kitu chochote cha mtoto kipimwe kana kwamba mtoto yuko peke yake nacho.

"Mtoto wa miezi sita peke yake? Mama yake amekwenda wapi?"

"Yupo. Yuko jikoni."

"Na bibi yake?"

"Bibi yake anakaa mji mwingine."

Nikacheka kwa dharau, nikasema, "Masikini ya Mungu, na hela zao zote." Yule kijana hakucheka. Alinisomea barua yote, akitafsiri. Ndani kusiwe na kitu chenye sumu. Rangi isitoke kwa mate. Kisiwepo kipande kinachoweza kuchomoka kikampalia mtoto. Mkono ukivutwa kwa uzito wa kilo kumi usikatike. Na kila kayamba liwe na karatasi inayosema limetengenezwa wapi na nani, pamoja na maelezo ya namna ya kulitumia. Tukiweza kutuma mengine kabla masika haijaisha, watayapima upya. Tusipoweza, watatafuta watu wengine.

Kisha akafungua droo akanipa kipande cha bomba la maji kilichokatwa, kifupi, upana wake unapitisha vidole viwili. "Fundi wetu amekikata kwa kipimo chao," akasema. "Chochote kitakachopita humu hakifai kuwamo." Nikakitia kwenye kikapu bila kushukuru. Bado nilikuwa nafikiria lile kayamba alilolichana.

Usiku ule nililala kwa wazazi wangu Soga, na sikulala kweli. Mashine ya kusaga tuliyoitazamia kutokana na mradi ule tungeikosa, sawa, tungeendelea kutwanga. Kilichonichoma ni kwamba katika ile barua kulikuwa na sentensi moja, na ni mimi niliyepaswa kuibeba mpaka nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Nilimkuta uani, ukindu umemzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

Nikaanza kuzungukazunguka, mara rangi, mara mkono. Akanikata. "Wewe tangu lini unaongea kwa kona? Soma ilivyoandikwa."

Nikasoma nilivyoandika kwenye daftari: kwamba kitu hiki kinaweza kusababisha kifo cha mtoto.

Aliuweka chini ukindu aliokuwa ameushika. Kisha akasema, "Mie?" Akatazama mikono yake. "Mie niue mtoto?" Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele, ningejua la kufanya. Alikusanya ukindu wake, akaufunga kwa kamba, akauweka juu ya dari, akasema kayamba yeye hasuki tena, tutafute mtu wa kutufungia vitovu.

Hapo hasira zangu zikapata kazi. Niliketi nikaandika barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili, nikiwaambia wale watu wa ng'ambo kwamba badala ya kutunga sheria za makayamba watunge sheria ya mama kukaa na mwanawe. Niliwasomea wenzangu kwenye kikao, wakapiga vigelegele mpaka mwenyekiti akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Bahati yangu lori halikwenda mjini wiki ile, na barua ikabaki ndani ya daftari. Ipo mpaka leo. Nikiisoma najionea aibu kidogo, ingawa kuna mistari mizuri.

Tulijaribu kusuka bila yeye. Tulifunga vitovu saba, vyote vikafumuka. Makayamba yaliyorudi tukagawana, maana nani atupe kazi ya mikono yake? Yakatawanyika majumbani.

Siku ile ninayotaka kuisimulia ilikuwa zamu ya kupalilia shamba la ujamaa, na kila mwenye nguvu alikuwa shambani. Watoto wadogo tuliwaacha kwenye banda moja karibu na ofisi ya kijiji, na kwa kuwa mama mkwe wangu hakuwa anasuka tena, yeye ndiye aliyepewa kuwaangalia. Walikuwa kumi na mmoja. Na yeye mmoja. Binti yangu alikuwa na miezi tisa, mnene, ana meno mawili chini.

Nilitoka shambani kabla ya wenzangu kwenda kumnyonyesha. Nilipokaribia banda nikasikia kilio chake, si kilio cha njaa. Nikatupa jembe nikakimbia. Nilimkuta mama mkwe wangu amepiga magoti, mtoto amemlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kidole chake kimo mdomoni mwa mtoto. Kwenye mkeka kulikuwa na kayamba, moja la yale yaliyorudi, ubavu wake umelowa mate na umefumuka. Mbegu nyekundu zilikuwa zimezagaa kila mahali. Na kwenye midomo ya mwanangu kulikuwa na wekundu, nikadhani ni damu. Ilikuwa rangi yetu ya dukani.

"Hesabu!" akaniambia. "Okota uhesabu!"

Baadaye alinieleza kwamba mtoto mmoja alijimwagia uji wa moto, akageuka kumshughulikia, kitambo kidogo tu. Lakini wakati ule hakunieleza kitu wala sikuuliza. Niliokota kwenye mkeka, kwenye vumbi, chini ya makalio ya watoto wengine. Nikahesabu. Ishirini na tisa. Nikahesabu tena. Ishirini na tisa. Nikamwambia, "Mama, labda hili uliweka ishirini na tisa."

"Sijawahi," akasema.

Nilijua kwamba hajawahi. Tukamvua mtoto nguo. Tukamfungua viganja vyote viwili. Mama mkwe akapitisha kidole tena chini ya ulimi, kwenye mashavu, nyuma ya ufizi, na mtoto anapiga mayowe. Nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa, na nyingine nilizibuni mwenyewe. Mwisho akamwinua kidevu, na kwenye mikunjo ya shingo yake, yule mtoto mnene, katikati ya mate na jasho, mbegu ilikuwa imenasa. Ilikuwa nzima. Haikuwa hata na alama ya jino.

"Thelathini," akasema mama mkwe, akaketi chini akapokea zile nyingine.

Nilimchukua mwanangu nikamtia ziwani, sote wawili tunalia. Mama mkwe hakulia. Alikaa na zile mbegu kiganjani, akizitazama. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia kutoka kwa mtu mwenye kiburi kama yeye.

"Wale watu hawakunitukana. Waliniambia kweli." Akamimina mbegu kwenye ncha ya khanga yake, akapiga fundo. "Zamani mtoto mmoja alikuwa na mikono kumi ya kumshika. Leo nina watoto kumi na mmoja na mikono miwili. Kule kwao na hapa kwetu kuna tofauti gani? Haya, leta hilo bomba lako."

Weee! Hapo ndipo nilipomjua mama mkwe wangu. Usingedhani ni yule aliyekuwa amefungia ukindu darini. Kesho yake alfajiri alikuwa amekaa mbele ya nyumba yangu na kisu. Kwanza ni rangi. Ya dukani aliimwaga shimoni, akatupeleka porini kuchimba mizizi ya mdaa, ule ule ambao wanawake wa kwetu wamesugulia meno na kupaka midomo tangu enzi. "Ukitoka kwa mate," akasema, "basi mtoto atakuwa amepiga mswaki." Ukindu ukatoka rangi ya kahawia nzito inayokaribia weusi. Tulimpa kila mwanachama jani moja atafune mbele ya kikao, kisha aoneshe ulimi; hakuna hata mmoja uliokutwa na rangi. Tulivyocheka siku ile! Wanawake wazima tumetoa ndimi nje mithili ya watoto wa zahanati.

Kwenye mbegu ndipo tulipotoka jasho. Mtama uliingia wadudu. Kokoto zilipita kwenye bomba bila hata kugusa ukingo. Tukajaribu vipande vya vifuu vya nazi, vikubwa, tulivyovikata duara tukavisugua kwa mchanga mpaka vikawa laini kama sahani. Hivyo havikupita kwenye bomba. Kisha mama mkwe akavitoboa, akavitunga kwenye kamba, akaifunga kamba ndani ya mkono wa kayamba, ili hata likifumuka lote kisidondoke kitu. Alinitazama aone kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa, na nilitaka kumbusu, lakini mkwe habusiwi.

Ila sauti ilikuwa mbaya. Lilisema kokoto, kokoto. Alilitikisa mara moja akalitupa. "Hilo litamfanya mtoto adhani kuna mtu mlangoni." Siku sita nzima alihangaika na sauti tu, anapunguza kifuu, anakondesha kamba, anaongeza kimoja, anatoa kimoja. Nikamkumbusha kwamba sheria haikusema kitu kuhusu sauti. Akaniambia, "Sheria yao imetazama mtoto asife. Mie natazama mtoto anyamaze." Siku ya saba alilitikisa juu ya binti yangu aliyekuwa analia, na binti yangu akanyamaza, akageuza kichwa. Vifuu vilikuwa vitano.

Kwa ule uzito wa kilo kumi tulikwenda duka la ushirika, tukaazima mawe ya mizani, tukayatia kwenye gunia, tukaning'iniza gunia kwenye mkono wa kayamba na kayamba kwenye boriti. Wanaume waliokuwa barazani wakaanza: "Leo mnanyonga vikapu! Vimewakosea nini?" Kitu kikakatika, gunia likaanguka puu, wakashangilia. Nikawajibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama mkwe aliokota, akatazama mkono ulipokatika, akarudi nyumbani akasuka mkono upya kwa jani lililokunjwa mara mbili. Safari ya pili gunia lilining'inia tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mume wangu mwenyewe, aliuliza kama anaweza kujaribu kulivuta. Akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

Ikabaki ile karatasi ya maelezo. Tangu kisomo cha watu wazima kianze pale kijijini, mama mkwe wangu alikuwa anakaa nyuma ya darasa akisema macho yake hayaoni ubao. Sasa alisogea mbele. Nilimwambia naweza kumwandikia jina lake kwenye karatasi zote, hati yangu ni nzuri. Alikataa katakata.

"Nikiua mtoto wa mtu, wajue ni mie," akasema. "Na nisipoua, wajue vilevile ni mie."

Aliandika jina lake mara arobaini na nane, kwenye karatasi arobaini na nane, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Herufi moja aliigeuza kila mara upande wa kushoto, nami nikaufyata mdomo wangu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kibaha tulikwenda sote wawili. Alivaa khanga mpya na viatu vya kufunga alivyoazima kwa jirani. Yule afisa aliposikia kwamba huyu ndiye msukaji mwenyewe, alisimama akamwamkia shikamoo, na mama mkwe akaitikia marahaba huku akikagua ofisi nzima. Afisa akachukua wembe. Alikata, akajaribu kuchomoa vifuu, vikakataa. Akatumbukiza jingine kwenye bilauri ya maji, tukaketi tunaitazama, nusu saa nzima, maji yakabaki meupe. Akavuta mkono wa kayamba kwa nguvu zake zote, ameweka mguu kwenye ukingo wa meza.

"Vuta, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Usinionee huruma."

Kisha afisa akasoma zile karatasi, akakunja uso. Chini ya jina lake mama mkwe alikuwa amenitaka niandike maelezo ya matumizi, na niliandika kama alivyotamka bila kuongeza wala kupunguza: *Usimpe mtoto kayamba ukaenda zako. Kaa naye umchezee.*

"Mama," afisa akasema kwa upole, "haya si maelezo ya matumizi. Kitu hiki sasa ni salama hata mtoto akiwa peke yake. Hatuhitaji kuwaambia hivi."

"Wao wameniandikia sheria yao, mie nimeifuata yote," mama mkwe akajibu. "Hii ndiyo sheria yangu. Na wao waifuate."

Afisa alinitazama mimi. Nikatazama dirishani. Akapiga mhuri.

Masika ikaisha, kiangazi kikaingia, na hakuna barua. Mama mkwe hakuuliza hata mara moja, lakini kila lori la kijiji liliporudi alikuwa na shughuli ya ghafla karibu na barabara. Barua ilipofika, afisa mwenyewe aliileta kwa pikipiki mpaka kijijini, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akina mama wote tulikusanyika uani kwa mama mkwe. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka wake anapasua ukindu, amejifanya hana habari.

Afisa akasoma. Makayamba yamepimwa yote na yamepita, hakuna hata moja lililokataliwa. Wanataka mengine mara tatu. Vigelegele! Nilipiga mimi kwanza, na nilipiga vibaya maana nilikuwa nalia. Miaka yote niliyoishi sijapata kujivuna kama siku ile, na mashine ya kusaga tuliyoipata baadaye haikunipa hata nusu ya furaha ile. Hatukupita kwa kuonewa huruma. Walitupimia kwa kipimo chao wenyewe na tukakijaza.

"Kuna maneno mengine," afisa akasema, akageuza ukurasa. "Wanasema yale maelezo ya chini hayakutakiwa na sheria. Lakini mwenye duka aliyapenda, akayatafsiri, na ameyaandika kwa lugha yao kwenye kila kayamba. Anasema wateja wengine wamerudi dukani kumwambia kwamba wanafanya hivyohivyo. Jioni wanakaa chini na mtoto, wanamchezea."

Mama mkwe wangu aliacha kupasua ukindu.

"Wanakaa nao?" akauliza.

"Ndivyo walivyoandika, mama."

Akafungua ncha ya khanga yake, lile fundo alilokuwa hajalifungua tangu siku ile bandani, akazimimina zile mbegu thelathini kwenye jiko lililokuwa linawaka pembeni yake. Zikapasuka moja moja. Kisha akavuta ukindu mapajani, akanigusa goti kwa kisu.

"Haya, Ndugu Katibu," akaniambia, "sogea huko. Unanizibia mwanga, na watoto wanangoja."